Uvimbe Uliopanda Mguuni

Habaswein, Alhamisi

Dada Mumbua mpendwa,

Usishtuke, mkono unaoandika ni wangu. Juzi asubuhi niliumwa mguuni na nyoka, kifutu, nje ya darasa. Zahanatini, muuguzi Halima alichora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofika.

"Usisogeze mguu, mwalimu. Kati ya seli za mwili kuna ute mzito uitwao asidi ya hayaluroniki, na vipokezi, vishikio vya juu ya seli, huushika. Sumu huuyeyusha, ikapata njia ya kupanda, na mguu ukisogea hupanda upesi zaidi."

Mstari ukapitwa. Wa pili ukapitwa. Wa tatu uligusa goti, nami nikamwomba Mungu nisife mbali nanyi. Walinidunga dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Alasiri Halima aliinama kutazama mstari wa nne.

"Alhamdulillahi, haujapitwa."

Tulilia wote wawili.

Msalimie Mama sana, ila la nyoka nitamweleza mwenyewe.

Nduguyo akupendaye,
Kioko