Ngozi Kwenye Bwawa Lako

Mtani wangu Athumani,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini huko uliko hali ni moja tu. Basi nikueleze ya huku. Huku kunanuka.

Nimerudi kutoka Tabora na mke. Jina lake Veronika. Laiti ungemwona. Akicheka hufunika mdomo kwa ncha ya kanga, kana kwamba kicheko ni kitu cha kuibwa, na akinyamaza unabaki unangoja aseme tena. Kwenye garimoshi sikulala. Alisinzia begani kwangu njia nzima, na kila stesheni nilitamani kuwaamsha abiria wote wamtazame. Najua ungesema, "Mnyamwezi leo kapata mzigo anaoupenda." Sema tu. Sikujua kama mtu anaweza kuona kiu ya matusi.

Habari za kufa kwako zilinikuta hukohuko, wiki ya harusi, na ulikuwa umekwisha kuzikwa. Homa, waliniandikia, neno moja tu. Sikukuzika. Mzaramo anakufa, na mtani wake Mnyamwezi hayupo kuingia kaburini, kulala chali na kukataa kutoka mpaka apewe haki yake. Nililia kwa hilo, mbele ya wakwe.

Veronika nilimposa kwa bwawa lako, Athumani. Hukulijua hilo. Barua zangu zote za uchumba zilikuwa mayungiyungi matupu. Nilimwandikia jinsi tulivyokuwa tukitoka bohari jioni, makarani wawili wenye vumbi la magunia mpaka kwenye kope, na mie nakanyaga baiskeli kwa njaa niwahi nyumbani, nawe ukifika juu ya bonde lako pale Temeke unafunga breki. "Shuka, mtani. Unakimbilia nini, nani kakutwisha?" Nikanung'unika, nikashuka. Ukanisimamisha kimya mpaka ndege watusahau. Minana wakarudi kufuma viota vyao kwenye matete, na yule ndege wa vidole virefu akatoka kutembea juu ya majani ya mayungiyungi kama bibi harusi anayeogopa kuchafua miguu. Maua yakafumba moja moja. Kelele za bosi, zilizokuwa zimenikaa kifuani tangu asubuhi, zikashuka zenyewe. Wanawake wenye kuni wakipita waliuliza tunatazama nini. Ukawajibu, "Hakuna, tunatazama tu," nao wakatua mizigo wakatazama. Nusu ya watu ninaowajua Temeke niliwajua pale, tumesimama pamoja bila kusemezana.

Basi Jumamosi ya kwanza nikampeleka. Alivaa gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya siku ile, ili afanane na maua. Harufu ilitupokea kabla hatujaliona bonde. Nikadhani kuna mbwa aliyekufa. Nikamshika mkono, nikamwambia tukiteremka itaisha.

Ngozi, Athumani. Ngozi mbichi za ng'ombe, zimerundikwa ukingoni kwa chumvi, na nyingine zimezamishwa bwawani chini ya mawe. Maji yamekuwa na povu la rangi ya usaha. Manyoya yanaelea mafungumafungu. Vipande vya nyama vilivyobaki kwenye ngozi vilikuwa vinacheza kwa funza, na nzi walikuwa wengi hata wakivuma usiweze kumsikia mtu wa pembeni. Mayungiyungi yameoza, yamelala kama mchicha uliochemka ukasahauliwa. Matete yamekatwa yote kufanyia vichanja vya kuanikia, viota navyo vimekanyagwa matopeni. Veronika alitapika palepale, juu ya viatu vyangu vya harusi. Sikumlaumu. Nami nikatapika.

Lakini funza hawakunichukiza kama ndugu yako Shomari. Alikuwa amesimama katikati ya uvundo ule anachokoa meno. Amempangisha mfanyabiashara wa ngozi bonde lote. Akamgeukia mke wangu, aliyekuwa bado anajipangusa mdomo, akamwambia kwa upole kabisa, "Maji haya yalikuwa yamekaa bure tu, shemeji. Sasa yanafanya kazi." Maneno yale yalinikaa kooni kama mate ya mtu mwingine.

Kesho yake ilikuwa arobaini yako. Uvundo ulipanda kutoka bondeni ukaingia uani, ukakaa juu ya pilau. Watu walikula. Walibana pua wakala, na hakuna aliyethubutu kusema. Nikawaonea kinyaa wote, hata wale ninaowapenda. Dua ilipokwisha nikasimama nikasema mie mtani, sikuwapo kwenye maziko, nadai haki yangu. Bi Mwanahawa, mkeo, alicheka machozi yakimtoka. "Nilijua atakuja huyu mchelewaji. Kapanda konokono." Shomari akaniletea kanzu yako, akaniletea na jogoo. Nikakataa. Nikateremka bondeni, msafara mzima nyuma yangu ukishangilia mchezo, nikalala chali juu ya rundo la ngozi.

Majimaji yalipenya shati. Kitu kilitambaa shingoni, sikukigusa. Nikasema siinuki mpaka maji ya marehemu yarudishwe.

"Mwacheni," mtu akapaza sauti. "Mnyamwezi kazoea kulala na mizigo."

"Mfunikeni na nyingine, ataona baridi."

Walicheka wote isipokuwa Shomari. "Utani una mpaka wake, Petro," akasema. "Hii biashara."

"Nionyeshe huo mpaka. Mie nimelala, sina haraka."

Nilisema kwa kiburi, lakini niliogopa. Bonde si langu, mie si ndugu yenu. Sina haki nyingine yoyote pale isipokuwa ile ya mtani kwenye matanga, na matanga yalikuwa yanakwisha siku ileile. Wangeninyanyua wakanitoa, bwawa lingekuwa limekwenda, na mie ningebaki mlevi asiyekunywa, aliyelala juu ya uozo.

Hapo nikaona gauni la buluu. Veronika, aliyetapika jana kwa kuliona tu rundo lile, alipita katikati ya wanaume, akakusanya gauni lake, akaketi kando yangu juu ya ngozi. Uso ulikuwa umempauka. "Mie pia Mnyamwezi," akasema, "na mie sijapewa changu." Athumani, nilioa kanisani, lakini pale ndipo nilipooa.

Wanawake walipiga vigelegele. Bi Mwanahawa akamwambia Shomari, bila kupaza sauti, "Shemeji, mtani hanyimwi haki yake. Ukimnyima, nitasema mbele ya watu wote hawa kwamba nduguyo hakuzikwa vizuri." Shomari akatazama watu, akatema mate. "Haya, inukeni. Mnanuka."

Ngozi zimehamishwa. Ziko kando ya barabara sasa, mbali na maji, na anayepita bado analaani. Usidhani nimekuandikia kukufurahisha. Povu lipo. Ukingoni tope ni jeusi na linabubujika. Nilijisugua kwa sabuni na ndimu mpaka ngozi yangu mwenyewe ikawaka, na harufu ikabaki kwenye kucha siku nyingi, nami bwana harusi. Mke wangu alinikumbatia hivyohivyo.

Kila jioni tunasimama pale, leso puani. Mwanzoni tulikuwa wawili. Kisha wakarudi wanawake wa kuni, na Bi Mwanahawa akikamilisha kazi zake. Siku hizi Shomari naye huja, akijifanya anakagua mpaka wa shamba. Akinipa mkono bado nasikia kinyaa, lakini nampa wangu kwa sababu ni nduguyo. Husimama mbali kidogo.

Jana yule ndege wa vidole virefu alirudi. Kuna majani machache yamechipuka upande wa juu, akawa anayakanyaga moja baada ya jingine, anasita, anaendelea. Shomari akasogea mpaka begani kwangu. Amezaliwa hapo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Yule anaitwaje?"

Nilikuwa na jibu baya tayari mdomoni. Kisha nikagundua silijui jina. Nikamtazama Bi Mwanahawa, akatikisa kichwa. Wewe ndiye uliyekuwa nalo, umeondoka nalo. Tukabaki tumesimama, Shomari na mie, Veronika na Bi Mwanahawa, kimya kile cha zamani, tunamtazama ndege asiye na jina mpaka giza likamchukua.

Lala salama, mtumwa wangu Mzaramo. Nakuahidi nitawauliza wazee wa kwenu mmoja mmoja, toka Mtoni mpaka Mbagala, mpaka nilipate jina hilo. Nikilipata nitamwambia Shomari kwanza, ingawa simpendi. Kisha nitakuja nikutajie wewe.

Mpagazi wako,
Petro