Koti Nililokuchagulia

Mpendwa Papa Neema,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni. Mvua imekatika sasa hivi na ng'ombe wa jirani wanapita wakikanyaga matope. Kila mwenye pikipiki anayetokea upande wa Kalembe namtazama mabega kwanza, ndipo namtazama uso. Ni tabia niliyobaki nayo. Watu wa Kashuga wanadhani natafuta mtu wa kunibebea maziwa.

Unakumbuka ulivyoanguka kule mteremkoni, ukarudi na kiwiko kimechunika hadi nyama inaonekana? Nilikuosha kwa maji ya chumvi, wewe umeuma meno, unaniambia ni mchubuko tu. Wiki nzima nilikuona ukishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Hapo nikaapa kukutafutia koti la kweli, si lile la plastiki ulilokuwa ukilifunga tumboni kwa kamba kama gunia la viazi. Mimi binti wa wafugaji wa Bihambwe, niliyezoea kuchagua ng'ombe kwa kumpapasa mgongo, nilijiambia koti haliwezi kunishinda.

Nilikwenda soko la mitumba siku tatu za soko, mfululizo. Nilipekua marobota hadi wauzaji wakanichoka. Nilibonyeza mabega, nilivuta zipu juu na chini, nilipitisha kidole kwenye mshono wa kwapa kuona kama uzi umeoza. Mikono niliipima kwa kuinyoosha mbele kama mtu aliyeshika usukani, maana koti linalokutosha umesimama linaweza kukuacha vifundo nje ukishakaa kwenye pikipiki. Siku ya tatu nikalipata. Zito, lenye kola ya kufunika shingo, na vipande vigumu vimeshonewa ndani mabegani, viwikoni na mgongoni. Lilikuwa la kijani. Nilirudi nalo nimelivaa mwenyewe, jasho linanitoka, nikashangaa kwa nini siku hiyo watu wananipisha njia.

Ulilivaa, ukakaa kwenye kigoda, ukanyoosha mikono. Lilikuenea kama umepimiwa na fundi. Nikangoja unisifu. Wewe ukalivua polepole, ukalikunja, ukaniwekea mapajani.

"Mama Neema, hii koti iko nguvu, naona. Lakini rangi yake njo itaniua. Ku bariere, wa huku watasema niko wa kule. Wa kule watasema niliivula ku muntu wao."

Mimi nilikuwa nimefikiria mawe tu. Barabara iliyokuwa kichwani mwangu ilikuwa na matope, madaraja ya miti na miteremko. Watu wenye bunduki wa kwenye vizuizi, wanaovaa kijani kile kile, sikuwaweka humo, ingawa tulikuwa tumewakimbia mara mbili na mtoto mgongoni. Na kwa kuwa nilikuwa nimekosea, nilikasirika. Nilikuambia unawaogopa wanaume wengine kuliko unavyonipenda mimi. Neno hilo linanichoma hadi leo. Ulitoka kwenda kupangusa pikipiki iliyokwisha kupanguswa, na siku mbili tulizungumza kupitia kwa Neema, ambaye hata kusema vizuri alikuwa hajajua.

Aliyetupatanisha bila kujua ni Papa Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo uliyekuwa ukimbebea sabuni na chumvi za dukani kwake. Alifungua robota la makoti akatuita tuchague kabla ya wengine. La dereva wa pikipiki halikuwemo hata moja. Meusi uliyakataa. Ya kahawia yenye mifuko mingi uliyakataa pia, na la bluu ya polisi hata kuligusa hukutaka. Lililobaki lenye kitambaa kizito lilikuwa la kike, la zambarau, na vifungo vikubwa kama biskuti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na wewe ukacheka, na ugomvi ukaishia hapo, mbele ya duka la watu.

Kesho yake nilifumua vile vipande vigumu kutoka koti la kijani, kimoja kimoja, nikavishonea ndani ya lile la zambarau. Mgongoni niliongeza sponji ya godoro. Vifungo niling'oa, nikatia zipu. Wenzako waendesha pikipiki kituoni wakakuita Mama Motari. Ulijifanya kununa, lakini uliniambia kwamba kwenye vizuizi walikuwa wakikuona toka mbali wanaanza kucheka, na wakishacheka wanakupitisha. Ulianguka mara mbili nyingine ukiwa nalo. Mara zote mbili ulikuja kunionyesha kiwiko kizima, kama mtoto anayeonyesha daftari lake. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama siku hizo.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa nimelifua koti la zambarau ili likauke kabla ya misa ya kesho yake. Wakaja kukuita: kwenye kambi ya waliokimbia vita kuna mwanamke, mtoto amekaa vibaya tumboni, muuguzi amesema afikishwe hospitali upande wa Walikale, maana barabara nyingine imefungwa na mapigano. Mawingu yalikuwa yameshuka na lile koti lilikuwa bado linachuruzika kwenye kamba. Uliingia ndani ukatoka na la kijani, umeligeuza ndani nje ili bitana nyeusi ndiyo ionekane. Ningeweza kukuzuia, au kukuambia uende na blanketi. Nilisema tu ufunike shingo.

Siku ya nne pikipiki ilionekana imelala mtaroni karibu na Kalembe. Wewe hukuonekana. Huko risasi zilikuwa zimelia siku mbili, watu wote walikuwa wamekimbilia msituni, na hakuna aliyejua lolote. Kaka zako walingoja, kisha wakaanza kuniomba tukae matanga. Nilikataa. Nilikataa pia jina lako lisomwe katika misa ya marehemu, na mwaka uliofuata nikakataa tena, na mwingine tena. Watu wakasema nina tumaini kubwa. Halikuwa tumaini, mume wangu. Nilijua kwamba siku nitakayokubali umekufa, itabidi nikubali na kilichokuua: koti nililolichagua mimi, na jingine nililolifua mimi siku isiyofaa.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja anayeitwa Furaha, ameshika mkono wa binti yake, anauliza nyumba ya Mama Neema. Ndiye yule uliyempeleka. Alijifungua salama, akabaki kule Walikale miaka yote hii kwa sababu ya vita, na hakujua kwamba hukurudi mpaka alipofika kambini kukuulizia, aje akushukuru. Tulikaa hapa hapa mlangoni. Nilimuuliza kitu kimoja tu, ulikuwa umevaa nini.

"Nilikuwa natetemeka, Mama. Mbele ya bariere akaivula ile koti, akanivalisha. Akasema mwanamuke wa mimba, hakuna mwenye atamuuliza rangi. Tukapita. Ku hospitali akaniachia yo, akarudia na shati."

Nikamuuliza shati gani. Akasema nyeupe yenye mistari, kola yake imeshonwa upya. Kola hiyo niliishona mimi.

Basi ulirudi Kalembe na shati jeupe, kama mtu anayetoka kanisani, na waliokukuta hawakukuona askari wa upande wowote. Nikuambie ukweli, kwanza nilipumua. Nikaona haya kwa kupumua, mbele ya mwanamke anayelia. Ndipo nikaanza kulia mimi pia, na katikati ya kilio nikagundua kwamba miaka yote hii nilikuwa nalilia kosa langu. Wewe nilikuwa bado sijakulilia. Nilikulilia siku ile mpaka Furaha akaingia mwenyewe jikoni kwangu, akawasha jiko, akanipikia chai. Nisamehe kwa kukucheleweshea.

Nimewatumia kaka zako habari waje. Jumapili jina lako litasomwa, nasi tutakaa benchi la mbele.

Neema yuko mwaka wa nne shuleni sasa. Ana paji lako la uso na ubishi wangu. Mwalimu akiuliza habari za baba, hujibu kwamba yuko safarini, jinsi nilivyomfundisha. Jana nilimkalisha karibu yangu, nikamshika mikono, nikamwambia baba yake alikufa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo. Nilijiandaa kumbembeleza, lakini hakulia. Alinipangusa uso kwa kiganja chake.

"Mama, mi nilishajua," akasema. "Nilikuwa nangojea we."

Pumzika sasa, Papa Neema. Sisi tuko pamoja.

Mke wako,
Mama Neema