Tumbo la Sindano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naijua kawaida yako: barua hii itakukuta mbele ya tanuri, mikono imejaa unga, nawe utamwita dada akusomee huku ukiendelea kukanda. Safari hii nakuomba unawe mikono, uketi, uisome mwenyewe polepole, maana kuna jambo humu ambalo nataka likufikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Usishtuke. Hakuna aliyekufa wala aliyeachika. Mkweo ni mzima, anakusalimu sana, bado anapanda ngazi na nyaya zake za umeme na bado anakoroma. Nami sijambo, tena naweza kusema sijawahi kuwa sijambo kama sasa. Vipi magoti yako? Na ule uchovu wa mchana, umepungua? Dada aliniambia kwamba siku hizi unajilaza alasiri, wewe ambaye hukuwahi kujua kitanda jua likiwa juu. Neno hilo limenikaa moyoni.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu swali lako la kwanza ni nimekula nini, na mimi hapo ndipo ulimi hunikwama. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Habari yangu inaanza na paka. Najua unatabasamu, maana nyumbani hatukuwahi kufuga hata kuku, ukisema manyoya na unga havikai pamoja. Sikiliza tu.

Pale kwa dobi ninapofanya kazi kuna chumba cha mbele chenye kaunta ya kupokelea nguo, kisha chumba cha mashine za kufulia, na nyuma kabisa chumba chetu sisi wa pasi, ambamo mvuke haukauki na kila mtu anatoka jasho hata siku za baridi. Mashine kubwa ya kukaushia ilikuwa imeharibika, fundi akaja kuivuta kutoka ukutani. Nyuma yake, penye bomba la moto, tukamkuta paka. Hakukimbia, maana hakuwa na nguvu ya kukimbia. Alikuwa wa kijivu, mbavu zahesabika, mkia umenyonyoka, na nyuma yake kumechafuka vibaya. Harufu yake ilituziba pua. Tajiri wetu, mama mwenye moyo mzuri lakini haraka nyingi, akasema atolewe nje kabla wateja hawajadhani ni nguo zao zinazonuka.

Mimi ndiye niliyetumwa kumtoa. Nikachukua taulo lililochanika ambalo mwenyewe hakurudi kulidai, nikainama. Akanitazama, kisha akainua mguu wake wa mbele, ule mguu uliokuwa ukitetemeka, akaanza kuulamba. Akaulamba taratibu, kila kidole, kama anayejiandaa kupokea wageni. Mama, nilipigwa na butwaa. Kiumbe hakijui kama kitafika jioni, na bado kinajitunza. Nikashindwa kumwacha nje. Nikamfungia kwenye taulo, nikamweka chini ya meza yangu ya pasi hadi saa za kutoka.

Mkweo alipokiona kile kifurushi aliuliza kama hicho ni paka au ni uzi wenye macho. Ndipo tukampa jina la Sindano. Akaniambia akae hadi apate nguvu, kisha tumtafutie kwao. Nikakubali, huku nikijua kwamba hana kwao.

Alikula kwa pupa. Lakini kila alichokula kilitoka, kama si kwa juu, kwa chini. Tulipiga deki sakafu hadi mkweo akasema vigae vyetu sasa ni safi kuliko vya hospitali. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama, dada mmoja mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Akampima minyoo, akampa dawa, akampa na nyingine ya kuzuia kuhara. Sindano akapata nafuu kidogo, kisha akarudi palepale. Mimi nikaona labda chakula chetu ni kizito, nikawa namchemshia kuku laini, bila chumvi, namchambulia nyuzinyuzi kwa mikono yangu kama mtoto anayeota meno. Akazidi. Kadiri nilivyomhudumia ndivyo alivyokonda, nami nikaanza kuogopa kwamba natunza maiti.

Ndipo daktari akaamua kumtazama kwa ndani. Alimnyoa tumbo, akampaka ute wa baridi, akampitishia kile kifaa kinachoonyesha picha kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimemshika miguu. Mwanzoni niliona ukungu mweusi na mweupe tu. Kisha daktari akaelekeza kidole, akaniambia nitazame pale, ule ndio utumbo. Mama, ulikuwa unatembea. Ulikuwa unajikunja na kujikunjua, wimbi baada ya wimbi, bila kupumzika, ndani ya mnyama asiye mzito kuliko pasi yangu. Hakuna aliyeuamuru. Mwenyewe alikuwa amelala, amekata tamaa, macho nusu, lakini ndani kazi ilikuwa inaendelea, kana kwamba tumbo halikuambiwa kwamba mwenyewe ameshashindwa. Nilisahau kwamba nipo kliniki. Nilijisikia kama mtu aliyechungulia mahali ambapo hakupaswa kuona.

Daktari akasema ukuta wa utumbo umevimba. Akanieleza kwamba huyu si mgonjwa wa kufa, ni mgonjwa wa kula. Kuna chakula ambacho mwili wake umekigeuza adui, na kila siku kikiingia unapigana nacho. Nikamuuliza chakula kizuri kinawezaje kumdhuru mtu. Akatabasamu kwa kuwa nimesema mtu. Akajibu kwamba chakula hakina ubaya na paka hana ubaya, ila hawapatani, na hakuna wa kulaumiwa. Maneno hayo yalinigonga, lakini wakati ule sikujua yamegonga wapi.

Akanipa kazi: nitafute nyama ambayo huyu paka hajawahi kuionja, nimpe hiyo tu, pasipo kingine, hata chembe, kisha nisubiri. Akamdunga na vitamini, maana utumbo uliovimba haushiki virutubisho. Mkweo hakuacha kucheka jinsi Sindano alivyopigwa sindano.

Nikapata sungura kwa mfugaji mmoja nyuma ya soko. Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika. Nikapiga moyo konde. Kisha asubuhi moja, kwenye sanduku lake la mchanga, nikaona kitu ambacho sikuwahi kufikiri kitanifanya nimwite mume wangu kwa shangwe. Kilikuwa kinyesi kigumu, chenye umbo, cha paka kama paka wengine. Tulisimama wawili, mmoja na mswaki mdomoni, tukikitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Baadaye mkweo akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kazi nzuri sana, na sikujua anamsifu nani.

Unamjua mkweo, roho yake ni nyepesi. Siku kadhaa baadaye alikuwa anakula kuku, Sindano akamkalia miguuni akimtazama, naye akamdondoshea ngozi kidogo. Kesho yake tumbo likaharibika upya, kutapika na kuhara, tukarudi kwenye ndoo na madeki. Mkweo alikaa chini sakafuni akamwomba paka radhi. Mimi nilikuwa na hasira za kuwafukuza wote wawili. Lakini daktari aliposikia alitulia, akasema mzee ametufanyia kipimo ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakuja kutuomba tufanye. Sasa tunajua. Ni kuku. Yule kuku niliyekuwa namchambua kwa mikono yangu, kwa upendo wote, ndiye aliyekuwa akimuua.

Sindano sasa ukimwona hutaamini. Mkia umeota manyoya, mwili umejaa, analala juu ya kabati na kutushangaa sisi wa chini. Hakuna aliyezungumzia tena kumtafutia kwao.

Sasa nafika kwenye lenyewe, Mama.

Siku ile daktari alipotaja kuku, nilibaki nimesimama pale kliniki na kikapu cha paka mkononi, nisiweze kutoka. Nikamuuliza kama na binadamu wanaweza kuwa hivyo. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikaanza kumweleza, Mama, mambo ambayo sijawahi kumweleza mtu. Tumbo linavyojaa upepo nikishakula hadi nalegeza sketi. Choo ninavyokitafuta kabla sijatafuta kiti kila niingiapo nyumba ya watu. Vidonda vya mdomoni. Damu ambayo kila nikipimwa ni pungufu. Nilisema nikitiririkwa na machozi. Akaniambia yeye anatibu wenye mikia, lakini mimi niende kwa daktari wa watu upesi, tena nisibadilishe chochote ninachokula kabla hajaniona.

Nikaenda. Wakanipima damu, kisha wakanipitisha mdomoni mrija mwembamba wenye taa hadi kwenye utumbo. Daktari akanionyesha picha. Alisema ukuta wa ndani wa utumbo unatakiwa uwe na vinyweleo vingi vidogo, ndivyo vinavyonyonya chakula. Mimi nashika taulo kila siku ya Mungu, nilielewa kabla hajamaliza. Langu lilikuwa taulo lililochakaa, limebaki kitambaa kitupu.

Ni ngano, Mama. Mwili wangu haupatani na ngano.

Najua umeinuka kwenye kiti. Tafadhali keti. Najua kwamba mkate ndio uliotusomesha na kutuvika, kwamba uliamka gizani maisha yako yote ili sisi tuamke kwenye harufu ile. Najua kwamba kipande cha mwisho, kile cha ukingoni chenye ganda, ulikuwa unanifichia mimi kwa sababu ni kitindamimba wako. Nilikipenda. Nilikuwa nakila nikitazama uso wako, na nilipokisukuma pembeni wenzangu wakaniita Maringo, nawe ukanyamaza, nikajua umeumia. Sikuwa na maringo. Nilikuwa nakufa na tai shingoni. Tena nikuambie ukweli: sikujua kwamba naumwa. Nilidhani kila mtu huumwa baada ya kula, ila wengine ni wavumilivu kuliko mimi.

Mkate wako hauna ubaya, nami sina ubaya, na wewe huna ubaya. Hatukupatana, basi. Niliambiwa hayo kuhusu paka na nimeyashikilia kama nguzo.

Na lililonishangaza kuliko yote ni hili. Nilimwambia daktari kwamba taulo likishachakaa halirudi, tunalikata tukalifanya tambara. Akasema utumbo si taulo. Ukiuondolea kinachoudhuru, vinyweleo vinaota tena, vyenyewe, bila dawa. Miaka yote hiyo vilikuwa vinangoja tu vipewe nafasi. Nimeacha ngano, na nakuambia naona kwa macho yangu. Naamka na nguvu. Mashavu yamerudi. Juzi tajiri wetu aliniuliza kama nina mimba, nikacheka hadi nikaegemea pasi. Ninalala nimeweka mkono tumboni, nalisikiliza likifanya kazi yake kimya kimya, na sina neno la kulipa zaidi ya ahsante.

Daktari akauliza kuhusu nyumbani. Nikamsimulia habari zako. Damu yako ambayo haijawahi kutosha. Vidonda vya ulimi unavyovisukutulia maji ya chumvi. Mifupa inayouma. Uchovu huu mpya. Na lile tumbo unaloliita la uzazi, ingawa uzazi wako wa mwisho ni mimi, na mimi ni mtu mzima. Nilikuwa nakuona, Mama. Ulikuwa unageukia tanuri na kushika tumbo, ukidhani wanao hatuoni. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hali hii hutembea ndani ya ukoo, na kwamba mama apimwe, na ndugu zangu pia.

Huenda huna. Lakini huenda unayo. Usiache mkate kabla ya kupimwa, kwa sababu ukiuacha kipimo hakitaona kitu. Endelea kula kama kawaida hadi nifike, maana nakuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Tutakwenda pamoja, nitakushikia mkoba, na ukitaka kugombana nami njiani tutagombana.

Najua swali unaloliuliza moyoni, kwamba tanuri je. Sijui. Nimejaribu kuoka kwa unga wa mchele na wa mahindi. Mkate wangu ulitoka mgumu, mkweo akautafuna kwa adabu, kisha akauliza kama anaweza kuuegeshea mlango. Mimi sina mikono yako. Kama kuna mtu duniani anayeweza kuubembeleza unga mwingine uumuke, ni wewe, na ningependa kusimama kando yako nikikukorogea maji wakati unajaribu. Lakini hata ukikataa katakata, hata ukisema umri wako si wa kujifunza unga mpya, nitakuja vilevile. Ninachotaka ni kidogo sana. Nataka tuketi mezani mimi na wewe, tule hadi tushibe, kisha tuinuke bila yeyote kati yetu kushika tumbo.

Msalimie dada, na umwambie asikasirike kwamba safari hii hakusoma yeye. Wasalimie kaka zangu na watoto wao, na jirani wa cherehani. Mkweo anasema magoti yako uyapumzishe. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako