Nilikumbuka Jalada Tu

Shoga, nimejifungia bafuni kwa mama mkwe. Sitoki.

Tulikuwa tunakula mchana, nyama ikamkwama mama mkwe kooni. Hapumui! Wote wakanigeukia mimi. Mume wangu akapiga kelele, "Si ulisoma kitabu cha huduma ya kwanza wewe?"

Nilikimaliza kwa siku mbili, unajua nilivyojitapa. Nikamwazima wifi, na unajua nilivyomcheka: mwezi mzima yuko sura moja, anajifunza kwa kukumbatia mto wa kulalia.

Shoga, nilikumbuka jalada tu. Jalada! Nikampa maji. Mtu hapumui, mimi nampa maji!

Wifi akanisukuma pembeni, akasimama nyuma ya mama yake, ngumi juu ya kitovu, akavuta kwa nguvu mara tatu. Nyama ikarukia mezani.

Nikadhani yameisha. Mama mkwe akafuta machozi, akaniangalia, sauti inakwaruza: "Huyu ana kabati zima la vitabu, na angeniua kwa glasi ya maji. Nikikwamwa tena, mtoeni nje kwanza."

Nikamtazama mume wangu, nikingoja anitetee.

Akasema, "Sawa, mama."