Baba Ameshika Kuandika Tena

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele. Kwanza niambie, kile kifua kilichokusumbua kwenye baridi ya huko kimeachia? Unakula chakula cha maana, au bado unaishi kwa mkate na chai? Sisi huku wazima. Shemeji yako karudi juzi na lori lake, kachoka lakini salama, na wapwa zako wanarefuka kama wanaovutwa kwa kamba.

Sasa kaa kitako, maana habari yenyewe ni ya Baba.

Unajua tangu aweke brashi chini alikuwa akiandika habari za mtaa wetu: kila duka alilolichorea bango, nani alilifungua, nani aligombana naye juu ya tahajia, wachumba gani walionana mara ya kwanza mbele ya kaunta ipi. Madaftari yake makubwa, yale makaunta buku, yamejaa ule mwandiko wake, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Usichokijua ni kwamba presha ya macho ilimzidi. Alinikataza nisikutie wasiwasi, na leo ndipo ameniruhusu niseme.

Siku moja alinipa daftari nimsomee alichoandika. Nikakodoa macho. Mistari ilikuwa imepandana, sentensi moja mgongoni mwa nyingine.

"Soma basi, mwanangu."

"Baba, haisomeki."

Fikiria, mtu ambaye maandishi yake yalisomwa na kila mpita njia! Alifunika kalamu, akanikabidhi. Tangu siku ile akawa wa kukaa dirishani na redio, na hiyo redio yenyewe hakuwa anaisikiliza.

Daktari wa macho alituambia kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kusaidiwa. Akashauri tujaribu daftari la kidijitali. Nikaleta kishikwambi. Baba akakipapasa, akakirudisha mezani kama mtu aliyeshikishwa samaki. "Utelezi mtupu," akasema. "Na herufi za mashine hazina mwenyewe. Niandike nifanane na kila mtu?" Ubishi wake unaujua. Nilibembeleza mpaka maneno yakaniishia.

Kilichomgeuza wala si mimi. Nilikuwa najaribu rangi za ukurasa, nikaweka maandishi ya njano juu ya weusi, nikayakuza mpaka neno moja likajaa kioo kizima. Baba alikuwa akipita kwenda bafuni. Akasimama.

"Nani kaandika KARIBU hapo? Njano juu ya nyeusi, hiyo ndiyo niliyompa mwenye kituo cha mafuta, madereva waione toka mbali."

Alikuwa amelisoma mwenyewe! Yeye akavuta kiti, na bafuni akapasahau.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Alichapa kwa kidole kimoja, akidonoa kama kuku. Halafu likazuka jambo ambalo sikulitarajia. Sentensi yake ya kwanza aliifuta na kuiandika upya wiki nzima. Akanilalamikia kuwa karatasi ilikuwa inamlazimisha aamue, kwa sababu kukatakata maneno ni aibu, kwa hiyo mtu anafikiri kabla ya kugusa wino. Huku kwenye mashine unafuta na halibaki hata kovu, mwisho unasahau ulitaka kusema nini. Dawa akajitungia mwenyewe: hafuti kitu. Kila sentensi anayoikataa anaihamishia kwenye ukurasa aliouita Jalala, na mara kwa mara huenda kuchakura huko, akarudi na neno zuri huku anacheka peke yake.

Lakini na mashine nayo imemfurahisha. Mwanangu alimwonyesha namna ya kutafuta neno. Akaandika "kinyozi", na vinyozi wote wakajitokeza, maana wapwa zako walikuwa wamekwisha kumnakilia humo madaftari yote ya zamani. Ndipo akagundua kwamba kinyozi wa kona amemfisha mara mbili kwenye maandishi yake, katika miaka tofauti. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kichwa cha kila sura bado anakiandika kwa mkono, kwa brashi, juu ya kipande cha kadibodi, herufi kubwa kama viganja. Anasema mkono usipopewa kazi utamsahau.

Jumamosi iliyopita maktaba ilialika watu wa mtaa wasome walichoandika. Baba akavaa koti. Alikisogeza kishikwambi hadi puani, maneno yakawa yanapita matatu matatu, naye anasoma taratibu, bila kushikwa mkono na mtu. Alisoma habari za yule kinyozi, aliyetaka bango lake liandikwe "Hatukati masikio". Mjane wake alikuwa safu ya mbele. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Baadaye kijana mmoja akauliza, kwa heshima tu, "Mzee, nani alikuandikia?"

"Nimeandika mimi," Baba akasema.

Hakupaza sauti. Mimi ndiye niliyenyoosha shingo kama twiga, nikiangalia kama ukumbi wote umesikia.

Salamu zikufikie kutoka kwa shemeji yako, kwa shangazi wa ng'ambo ya barabara, na kwa wapwa zako wanaokudai picha za theluji. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na riziki yako aifanye nyepesi mikononi.

Baba ana ombi. Sura anayoiandika sasa ni yako, na imemkwama pale ulipoondoka. Anataka umweleze uso wako ulikuwaje ulipofika getini, kwa sababu yeye alikuwa amekupa mgongo, anakoroga rangi ambayo ilishakorogeka zamani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuringia,

Dada Mkubwa