Tuta Moja la Viazi Nyuma ya Jiko

Alhamisi, Tinde. Mawingu, joto, mvua ya kwanza ilinyesha juzi.

Machipukizi mapya ya viazi vitamu vya Mama Kulwa hayakukutwa na kirusi. Amesema hivyo leo saa nne asubuhi mtafiti wa mazao aliyeyapeleka maabara, akiwa amesimama shambani na karatasi ya majibu mkononi.

Nina furaha. Nina pia kosa la kusahihisha.

Msimu uliopita niliandika kwamba mbegu hii ya kienyeji imekwisha kwa Mama Kulwa. Wanawake wa hapa wanasema haina mpinzani kwa michembe, vile viazi vya kukatwa vipande na kuanikwa. Majani yake yalikuwa yamejikunja, madogo, yamepauka. Bwana shamba alimshauri ang'oe yote achome, na ushauri ulikuwa sahihi. Mama Kulwa akaniambia ameng'oa yote. Nikaandika.

Sikwenda kuangalia nyuma ya jiko.

Huko aliacha tuta moja. "Nilikudanganya, mwandishi," ameniambia leo bila aibu yoyote. "Mbegu ya mama mkwe unaichomaje?" Msimu mzima alikuwa akikata matawi yaliyojikunja na kuacha yaliyochipua safi.

Mtafiti ameeleza kwa maneno ninayoweza kuyaandika. Kirusi kikiingia, mmea huutambua ujumbe wa urithi wa kirusi hicho, huukatakata, kisha hutumia vipande hivyo kukisaka kirusi kingine cha namna hiyo. Aina nyingi hushindwa. Hii wakati mwingine hushinda, na ncha mpya hutoka safi. Lakini si kinga ya kudumu: inzi weupe na vidukari wakikileta tena, vita inaanza upya. Kwa hiyo vipande vya mbegu lazima vikue kwanza ndani ya chandarua, na asipewe mtu.

Hapo ndipo penye ugumu. Huku marando, mashina ya kupandia, jirani hanyimwi. Ndivyo ugonjwa ulivyoingia: wifi yake, Mama Shija, alimletea mzigo wa marando mwaka jana kwa nia njema. Na leo, karatasi ya majibu haijakunjwa, Mama Shija huyohuyo amefika.

"Wifi, nipe marando, mvua hiyo."

"Sitoi."

Mtafiti akatazama viatu vyake.

"Mwaka jana ulinipa ugonjwa, wifi," Mama Kulwa akasema. "Tena umeufunga vizuri kwa kamba."

"Nawe ukaupokea kwa mikono miwili, ukashukuru, wabeja sana!"

Wakacheka mpaka Mama Shija akakaa chini.

"Haya, unaninyima mpaka lini?"

"Mpaka yajae kwenye chandarua."

"Basi matuta ya hicho chandarua nakuja kuyainua mwenyewe. Nisikie umempa mwingine kabla yangu!"

Nimeandika sana habari za dhahabu, kutoka Buzwagi hadi Geita. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilitoka kazini nikitabasamu peke yangu barabarani.

Msimu ule nilipaswa kuzunguka nyumba ile. Ingenichukua dakika moja.

Masahihisho ya habari yangu nimeyatuma jioni hii. Chandarua nimejitolea kukinunua mimi, kesho, sokoni Nyasubi. Jumamosi saa mbili asubuhi tunapanda vipande kumi na vinne. Mama Shija amesema yeye atafika saa moja.