Maswali Matatu ya Bwenini

Mama yangu,

Shikamoo. Najua ukiona bahasha nene hivi utakaa kitako kabla ya kuifungua, maana barua zangu ni za ukurasa mmoja na nusu yake ni salamu. Kaa tu, hakuna msiba. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na yale maumivu ya mgongo niliyokuandikia yameondoka yenyewe siku niliyoacha kutandika vitanda. Goti lako linasemaje? Na shangazi bado anabishana na redio? Dada aliniambia kwenye simu kwamba sebule imepakwa rangi mpya na wewe huipendi, ila umenyamaza kwa sababu mkweo ndiye aliyeipaka. Nimecheka, kwa kuwa najua kunyamaza kwako kulivyo na uzito.

Habari kubwa ni hiyo niliyoidokeza: sitandiki tena vitanda. Miaka sita nimetandika, nimesugua mabafu na kukunja taulo za watu wasiojua hata sura yangu. Sasa nina kiti kwenye meza ya vyumba, pale panapoamuliwa kila abiria wa meli yetu ya utalii alale wapi. Nilipewa kwa majaribio ya safari tatu, na sharti lilikuwa wazi: nikiharibu, narudi kwenye ndoo yangu siku hiyohiyo. Safari ya tatu imeisha juzi. Nitakusimulia ilivyokwenda, kwa sababu kazi iliyoniokoa ni yako.

Watu wa nchi kavu hudhani vyumba vya meli vyote ni sawa, tofauti ni dirisha tu. Si kweli hata kidogo. Wapo abiria wanaochagua namba yao kwenye mchoro wa meli miezi kadhaa kabla, na hao hatuwagusi. Wapo wanaolipa nauli ndogo na kukubali kuwekwa popote patakapobaki. Hao kompyuta huwamwaga tu inavyotaka. Kompyuta haijui kwamba chumba cha mbele kabisa husikia mnyororo wa nanga ukishuka alfajiri, kama mtu anamwaga sufuria zote za jikoni. Haijui kwamba kwenye sitaha ya tano kuna madirisha mapana yanayotazama tumbo la boti ya kuokolea watu na hayaoni kingine. Haijui ni vyumba gani wahudumu hukokotea viti vya bwawa juu yake jua halijachomoza, wala kwamba mtu wa kichefuchefu hukaa salama chini, katikati ya meli, ambako mawimbi hayana nguvu ya kumrusha. Mimi najua, kwa sababu nimevifagia vyote.

Mwenzangu pale mezani tunamwita Mashine, kwa jinsi anavyoiamini hiyo kompyuta kuliko macho yake. Ni mtu mzima, mpole, ana wajukuu wawili, lakini ukimwambia chumba fulani kina kelele anakuuliza kimeandikwa wapi. Mkubwa wetu sote ni mama mmoja mwembamba anayetembea na kishada cha funguo kiunoni. Ukisikia mlio wake kwenye korido unajikagua hata kama hujafanya kosa. Tunamwita Mama Funguo, yeye akiwa hayupo.

Basi siku ya kuondoka, mambo yakachacha. Abiria wakiwa wameanza kupanda, kiyoyozi cha karibu upande wote wa mbele kikazima. Vyumba kumi na tisa vikawa tanuri. Wenyewe, waliovichagua miezi mitano kabla, walikuwa wamesimama mbele yetu na masanduku yao. Vyumba vilivyobaki wazi vilikuwa ishirini, na kila kimoja nilikijua kwa ubaya wake: vya juu ya jiko, vya ukutani kwa injini, vya mbele ya lifti, vile vya nyuma ya boti. Mama Funguo alisema anataka kila mtu awe na ufunguo mkononi kabla honi haijapigwa. Mashine alishauri tubonyeze kitufe, kompyuta igawe, na wanaolalamika wapewe fomu ya malalamiko.

Hapo ndipo nilipokuona, mama. Nilikuona mlangoni pa bweni siku ya kufungua shule, na kadi zako zenye majina, miwani imeshuka puani. Ulimwuliza kila msichana mambo matatu kabla hujampa kitanda: unalalaje, unaamka saa ngapi, na unaogopa nini. Wasichana walicheka kwenye swali la tatu, halafu wakasogea na kukujibu kwa sauti ndogo. Nikapiga moyo konde, nikamwomba Mama Funguo saa moja. Alinitazama, akatazama saa, akasema arobaini na tano.

Nilitoka nyuma ya meza nikawafuata pale walipo, mmoja mmoja, na maswali yako matatu. Mume na mke wa makamo waliniambia walikuwa waokaji maisha yao yote na mpaka leo huamka saa kumi alfajiri wapende wasipende. Nikawapa chumba cha juu ya jiko, ambako harufu ya mikate hupanda saa hiyohiyo. Yule mama alifumba macho kama keshaisikia. Mzee mmoja aliyestaafu kiwandani alikiri kwamba tangu astaafu hapati usingizi, nyumba yake ni kimya mno. Huyo nilimlaza ukutani kwa injini. Mjane aliyekuwa akisafiri peke yake kwa mara ya kwanza alisema anaogopa kufa usiku na asijulikane, nikampa chumba cha mbele ya lifti, penye nyayo za watu saa zote, akanishika mkono asiuachie. Mtu wa kupiga picha za ndege alikuwa akitafuta wa kumwamsha alfajiri. Nilimwambia mnyororo wa nanga utamwamsha bure, kwa kuwa kati ya vile ishirini vilivyobaki wazi kimoja kilikuwa mbele kabisa, na kiyoyozi chake hakikuzima. Watu wale walipokea vyumba vibaya kama zawadi, na hakuna niliyemdanganya hata mmoja.

Dakika ya arobaini nilikuwa nimebakiza mtu mmoja, na kichwa kilikuwa kimeshavimba. Alikuwa mama wa heshima, kofia pana, uso umekunjwa. Niliona jina la ukoo wake kwenye orodha mara mbili: yeye mbele kabisa ya meli, na dada yake nyuma kabisa. Nikajisemea masikini, wametenganishwa. Chumba kilichobaki wazi jirani na dada yake kilikuwa hata na mlango wa ndani wa kupitiana. Sikumwuliza swali hata moja. Nilimpa ufunguo huku nikitabasamu kama mtu aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake.

Kulipokucha walikuwa mezani wote wawili, wakipigiana kelele kupitia kwangu. Kumbe hawasemezani miaka kumi na moja. Walikuja kwa sababu mama yao aliyefariki aliacha ombi wasafiri pamoja, na kila mmoja alichagua chumba kwa kupima kwenye mchoro ni kipi kiko mbali zaidi na mwenzake. Mlio wa funguo ukasikika koridoni. Mama Funguo aliuliza ni nani aliyewaweka pale. Mashine, kwa huruma yake, alianza kusema kwamba huenda ni kompyuta, na kompyuta haina mdomo wa kujitetea. Ningenyamaza tu, mama, ningebaki na kiti changu. Nikasema ni mimi, kompyuta haikugusa, niliwaweka jirani bila kuwauliza.

Nilishaanza kufikiria ndoo iko wapi. Lakini Mama Funguo aliniamuru kwanza nirekebishe. Nikawakalisha wale dada, kila mmoja na zamu yake, nikauliza maswali matatu. Mzee wa kiwandani alikuwa na rafiki yake chumba cha jirani, aliyekubali kubadilishana chumba na mmoja wao kabla sijamaliza kueleza. Dada hao hawakupatana, usidhani; walikubaliana jambo moja tu safari nzima, kwamba kosa ni langu. Siku ya kushuka, wale wengine wa vyumba kumi na tisa walipita mezani kuaga. Mjane alinikumbatia. Yule mzee alitaka kujua kama anaweza kununua sauti ya ile injini aende nayo nyumbani. Fomu za malalamiko za upande wa mbele zilirudi tupu, isipokuwa moja, yenye mwandiko wa watu wawili. Nahodha mwenyewe alishuka kunipa mkono, na Mama Funguo akafungua kishada chake kiunoni, akatoa ufunguo wa ofisi, akaniwekea kiganjani. Alisema wenye kujua vyumba anao wengi, wa kukiri kosa lake hakuwa naye. Mama, nimeshinda. Kiti ni changu.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo lililoifanya bahasha iwe nene. Nilipotamka ni mimi, nilikuwa nimechelewa miaka kumi na sita. Unakumbuka muhula ule uliponipa kitanda cha juu, cha mlangoni pa bafu, ili pasiwe na mtu wa kusema unampendelea binti yako? Kile cha chini cha dirishani ulimpa yule msichana mkimya. Nilikasirika, na ulipokwenda ofisini nikazibadilisha kadi zile mbili. Sikujua kwamba alikuwa akitembea usingizini na kwamba alikwambia wewe peke yako. Alipanda juu bila kuuliza, akaanguka, akavunjika mkono. Uliwaambia wakubwa kwamba ulichanganya kadi. Wakakunyang'anya bweni, wakakuweka stoo ya mashuka mpaka ukastaafu, na mimi nikala, nikalala, nikanyamaza. Sijui kama ulijua. Kama ulijua, ulinibeba mgongoni miaka yote hiyo. Nisamehe, mama yangu. Humu ndani kuna nakala ya barua niliyompelekea mkuu wa shule, nikieleza yote kwa jina langu, na nyingine nimempelekea yule msichana, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu.

Kila mwaka tunaruhusiwa kumleta ndugu mmoja safarini. Nimeandikisha jina lako kwa safari ijayo, ila nafasi ya namba ya chumba nimeiacha wazi. Uliwauliza wasichana kwa miaka ishirini na miwili, na sidhani kama kuna aliyewahi kukuuliza wewe. Unalalaje, mama? Unaamka saa ngapi? Unaogopa nini?

Nisalimie shangazi na redio yake, dada, na mkweo pamoja na rangi yake. Nangoja majibu yako matatu.

Mimi binti yako,
wa kitanda cha mlangoni